Gauni Moja, Mabibi Wawili

Tuligombana kutoka kwangu Arlington, Marekani, mpaka Houston, mimi na mama yangu. Nasema tuligombana, lakini ukweli ni kwamba niligombana peke yangu. Yeye alikaa kiti cha pembeni, mtandio kichwani, mkoba mapajani, kimya. Mama yangu akinyamaza, afadhali akupige. Kwa saa nne na ushei nina-drive huku nahubiri, napandisha sauti, nashusha sauti, malori yananipita kulia na kushoto, na yeye maneno yake yalikuwa mawili tu. La kwanza: tusimame mahali akajisaidie.

Kilichotugombanisha kilikuwa jicho lake la kushoto. La kulia lilikuwa limekwisha kufa kabla hajapanda ndege kuja kwangu, na mimi sikuambiwa, maana kwetu mtu hapewi habari mbaya kwa simu. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula pembeni na kusogea katikati polepole, mpaka mwenyewe anashtuka amebakiwa na tundu. Jicho la kushoto lilikuwa limefika hapo. Mama alikuwa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba la karatasi.

Daktari wa Dallas alitueleza waziwazi, na mimi nikamtafsiria mama neno kwa neno. Likiachwa hivyo, tundu litajifunga lenyewe, pengine ndani ya mwaka. Akifanyiwa upasuaji, huenda likabaki lilivyo maisha yake yote. Lakini jicho lililochoka kiasi hiki huenda pia likazimika siku ileile ya upasuaji. Alikuwapo bingwa Houston, na miadi ilikuwa Ijumaa asubuhi. Huo ulikuwa mwaka 2018, mwezi wa nane, na mpaka Alhamisi ile tuko barabarani mama hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Mimi nilitaka akubali. Nilitaka kwa nguvu zangu zote, na mimi nikitaka kitu huwa sina adabu.

"Sasa unasubiri nini, mama? Unasubiri giza?"

"Angalia barabara," akasema.

Tulifika saa sita kasoro. Hoteli ikatuambia chumba hakitakuwa tayari mpaka saa tisa. Joto la Houston nalifananisha na la Tanga, ila hili limefungiwa ndani ya chungu. Yule dada wa mapokezi aliona mzee amesimama anatoka jasho, akatuonea huruma, akasema si mbali na pale kuna makumbusho ya sanaa, Alhamisi watu wanaingia bure, na ndani kuna baridi safi. Nikamwambia mama tunakwenda kuangalia picha.

"Picha za nani?"

"Za wazungu wa zamani."

"Mh! Haya. Wametutazama sana, na sisi tuwatazame."

Nilijuta kabla hatujamaliza vyumba viwili. Vilikuwa na mandhari za milima na bahari, na mama hakuambulia kitu. Tundu lake dogo, picha ukuta mzima, ataanzia wapi? Alikuwa ananishika mkono na kusema "nzuri, nzuri," kwa ile sauti yake ya kusifia chakula kisicho na chumvi. Kisha tukaingia chumba cha tatu, na humo zilikuwa picha za watu. Mabwana na mabibi wa Ulaya wa miaka mia tatu, mia nne iliyopita, wamesimama na wengine wameketi, kila mmoja na nguo zake.

Mama akaniachia mkono.

Lazima niseme hapa mama yangu ni nani. Ni fundi cherehani. Zaidi ya miaka thelathini alikaa kwenye baraza la duka la vitambaa mjini Tanga, akatulea watoto wanne kwa mguu wake wa kulia uliokuwa unakanyaga ile cherehani. Hata kwangu Arlington, na tundu lake hilohilo, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano kunishinda mimi. Kilichomshinda ni watu. "Uso wa mtu hautulii," aliniambia. "Nikiukamata mdomo, macho yameshahama." Kwa hiyo alikuwa amekata tamaa na nyuso. Mtu akiingia sebuleni alimsikiliza sauti, akashika kitambaa cha nguo yake, basi, akamjua.

Na sasa alikuwa amepata watu waliotulia.

Akamwendea bwana mmoja aliyevaa nyeusi tupu, na kola nyeupe ya marinda imemzunguka shingo, kubwa, unadhani kichwa kimewekwa kwenye sahani. Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Mlinzi wa chumba, mzee Mmarekani mweusi mwenye kofia na koti la kazi lililopigwa pasi vizuri, akaja mbio kidogo. Nikamweleza kwa Kiingereza: ni mama yangu, ni fundi wa nguo, ana tundu tu la jicho, kesho ana daktari. Yule mzee alimtazama mama kwa muda. Kisha akamwonyesha mstari sakafuni, akasema asiuvuke, lakini akae hapo anavyotaka. Akaenda akaleta kigoda.

Mimi nikasema, ili na mimi nionekane ninajua, "Maskini, huyu bwana amefiwa. Na yule pale. Na yule. Chumba kizima wako msibani."

Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka wiki ile.

"Amefiwa wapi! We mtoto umekulia chini ya cherehani na hujui nyeusi? Nyeusi ya bei rahisi ukiianika mara tatu inageuka kutu. Mimi nimegombana na wateja kwa ajili ya nyeusi mpaka basi. Hii haikuchovywa kwenye rangi mara moja wala mbili. Angalia hapa kifuani ni mahameli, inakunywa mwanga. Mikono ni hariri, inautema. Hili joho la juu ni sufu. Na huu utepe mdogo, uone, ni nyeusi nyingine kabisa. Huyu bwana amevaa nyeusi nne, na zote hazikupauka. Ni tajiri, tena tajiri asiyetaka kupiga kelele."

Nikatazama. Wallahi nilikuwa naona doa jeusi tu. Nikatazama tena pale alipokuwa anaelekeza kidole, na taratibu zile nyeusi zikaachana mbele yangu, moja baada ya nyingine. Nywele zilinisimama. Mimi nina macho mawili mazima, nina miwani ya kusomea ya akiba kwenye gari, na nilikuwa nimeshapita pale bila kuona chochote.

"Na hiyo kola?" nikauliza, sasa kwa heshima.

"Hiyo ni kitani na wanga. Kila rinda linapindwa kwa chuma cha moto. Mtu hawezi kuinama na kitu hiki, hawezi kuosha sufuria, hata kula kwake ni shughuli. Ndiyo maana yake. Anakwambia, mimi siinami." Akaelekeza kidole kwenye marinda. "Lakini yupo mwanamke aliyeinama siku nzima kuinyoosha, na yeye hawakumchora."

Mlinzi akauliza mama anasema nini. Nikamtafsiria. Akasema "Mm-mm-mm," akatufuata kwenye picha iliyofuata.

Hapo mama alikasirika. Ilikuwa picha ya kijana mmoja aliyejishika kiuno, na mikono ya koti lake imepasuliwa mistari mirefu, na ndani ya ile mipasuko kinachungulia kitambaa kingine cha dhahabu. "Ala! Amechana hariri!" Sauti yake ikaenda mpaka chumba cha pili. "Makusudi! Pindo kwa pindo! Hivi mama yake alikuwa wapi?" Nikamwambia pengine ndiyo ulikuwa mtindo. "Najua ni mtindo! Mtindo wa kukuonyesha kwamba kitambaa ambacho wewe ungekivaa sikukuu miaka kumi, yeye anakichana ili uone kingine chini yake." Alikuwa anatetemeka kwa hasira ya kitambaa cha mtu aliyekufa zamani, na mimi nilikuwa najizuia kucheka, maana nilijiona mwenyewe. Hasira hizi nimezirithi, sikuziokota.

Kulikuwa na binti mdogo wa miaka minne hivi, gauni refu jekundu, lesi shingoni, ameshika ndege. Nikasoma kibao ukutani. Binti wapi, alikuwa mtoto wa kiume, mrithi wa ukoo, enzi zile wavulana walivalishwa magauni mpaka wakue. Nilimwambia mama nikidhani atashangaa. Hakunisikia hata. Alikuwa chini kabisa, kwenye upindo.

"Limeshushwa," akanong'ona.

"Nini?"

"Gauni. Mistari hii miwili, uione, rangi yake imekolea kuliko kwingine. Hapa palikuwa na mikunjo imeshonewa ndani, ikafumuliwa mtoto aliporefuka. Mwaka wa kwanza mkunjo mmoja, mwaka wa pili mwingine." Akanitazama, yaani akageuza tundu lake upande wangu. "Kama sketi zako za shule."

Sketi zangu za shule zilikuwa na mistari ileile, na nililia kwa ajili yake, kwa sababu wenzangu walinicheka. Na hapa mtoto wa bwana mkubwa, mwenye ndege wake na lesi yake, amechorwa na mistari ya upindo uliofumuliwa, na mchoraji hakuificha. Nilijisikia mdogo sana mbele ya lile gauni. Nilitamani nipige magoti pale sakafuni.

Kisha tukafika kwa mabibi wawili.

Walikuwa ukuta mmoja, picha mbili mbalimbali, mlango umewatenganisha. Kila mmoja ameketi, kila mmoja na gauni la hariri ya buluu. Mama akachukua muda mrefu kwa wa kwanza, akavuka mlango, akakaa kwa wa pili.

"Hawa ni ndugu," akasema. "Wameshona sare. Muulize harusi ilikuwa ya nani."

Nikasoma vibao. Hawakuwa ndugu. Mmoja mke wa bwana mwenye cheo kirefu, mwingine mke wa mfanyabiashara, miji tofauti, miaka tofauti, mchoraji mmoja. Nikamwambia. Mama akakunja uso. Akarudi kwa wa kwanza. Akaenda kwa wa pili. Akarudi tena, kigoda mkononi, na mlinzi nyuma yake sasa hata hajifanyi analinda.

"Basi si sare," akasema mwisho. "Ni gauni moja."

"Mama, watu hawa hata hawakujuana."

"Sikuuliza kama walijuana. Njoo hapa. Mkono wa kushoto, kwenye kiwiko. Lesi imeungwa. Iliwaishia, wakaunga kipande, na ua limekatika nusu. Umeona? Haya, twende kwa mwenzake. Mkono wa kushoto. Kwenye kiwiko. Ua nusu. Fundi hawezi kuishiwa na lesi mara mbili mahali palepale." Alikuwa anahema. "Huyu wa kwanza linambana, kwapa linavuta mpaka hapa kifuani. Huyu wa pili linampwaya, wamelikaza kwa pini mgongoni, ndiyo maana mkunjo huu unakimbilia nyuma."

Nikamtafsiria mlinzi. Yule mzee alikwenda mwenyewe, akainama kwenye kiwiko cha kwanza, akatembea, akainama kwenye cha pili. Aliporudi alikuwa amevua kofia. Akasema alishawahi kusikia kwamba wachoraji wengine wa enzi zile walikuwa na nguo zao kwenye chumba cha kazi, watu wakija kuchorwa wanavalishwa, hata matajiri. Lakini katika chumba hiki amesimama miaka mingi, akasema, na mabibi hawa anawasalimia kila asubuhi, na hilo hakuliona. Akampa mama mkono. Mama akaupokea kwa mikono yote miwili.

"Sasa yupi tajiri kati yao, mama?" nikauliza. Nilikuwa nimegeuka mtoto, nataka hadithi iendelee.

"Huyu linayembana. Tazama alivyolikalia. Hariri yote imekunjika chini yake na wala hana habari, kwao zimejaa. Huyu mwenzake amelishika kwa vidole viwili, hapa, juu ya goti. Anaogopa kulichafua. Hata mchoraji alipomwambia pumua, hakupumua." Akamtazama yule bibi wa pili muda mrefu. "Mimi namjua huyu."

"Unamjua vipi?"

"Ile picha yangu ya sebuleni."

Picha ile naijua kuliko uso wangu. Mama akiwa msichana, studio ya mjini, gauni la lesi la rangi ya krimu, mkono juu ya meza yenye maua ya plastiki. Nimekulia chini yake. Utoto wangu wote niliamini kwamba kabla ya baba kufa, kabla ya baraza, mama aliwahi kuwa mtu wa mambo makubwa, na kwamba sisi watoto ndio tuliommaliza.

"Gauni lilikuwa la mteja," mama akasema. "Bibi harusi. Nililimaliza Jumatano, analichukua Ijumaa. Alhamisi nikalivaa, nikaenda kupiga picha. Nililishika vidole viwili hivihivi, roho juu, nikitoa jasho gauni limekwisha. Kisha nikalipiga pasi upya, nikampelekea. Sijamwambia mtu mpaka leo."

Lo! Nilimkumbatia pale mbele za watu. Sikujali. Nilimwonea huruma yule msichana wa picha, na zaidi nikamstahi, kuliko nilivyomstahi yule tajiri wa kubuni niliyeishi naye miaka yote. Aliniacha nimkumbatie, kisha akanisukuma taratibu.

"Kesho nitakubali," akasema. "Kuna vitu vingi bado sijaviona. Nilidhani vimekwisha."

Nilifurahi. Naandika hili kwa aibu, lakini nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi tuliamka alfajiri, akaswali, nami nikawa nakusanya makaratasi ya hospitali. Jua lilipotoka, mama akavuta pazia, akaweka kiti karibu na dirisha.

"Kaa."

"Mama, tutachelewa."

"Kaa. Na usiseme. Na usitikisike."

Nikakaa. Akavuta kile kiti kingine mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika kidevu. Nikadhani ataanza na kola ya blauzi yangu, kwa tabia yake. Hakugusa nguo. Alianzia kwenye paji la uso, akaja nyusi, jicho moja, jicho la pili, pua, polepole, kila mahali anasimama. Nilikuwa na mengi ya kusema na nikayameza. Machozi yalikuwa yananitoka, na nilijua nikiyafuta nitatikisika, basi nikayaacha. Ilichukua muda mrefu sana. Alipomaliza alisema, "Haya, twende," na hakuniambia aliona nini.

Bingwa alirudia onyo lilelile, mama akatia saini, akapasuliwa siku hiyohiyo. Jumamosi walipofungua bandeji, jicho lilikuwa limezimika. Hakuna aliyekosea. Tulikuwa tumeambiwa. Lakini mimi ndiye niliyehubiri saa nne barabarani, mimi ndiye niliyetaka, na nilitoka nje ya kile chumba nikakaa sakafuni kwenye korido nikalia kwa sauti mpaka muuguzi akaja kuninyanyua. Mama aliniita ndani. "Mwambie daktari ahsante," akasema. Nikamwambia.

Sasa ni mwaka 2020, ndege zimesimama kwa ajili ya ugonjwa, na mama yuko Tanga kwa mdogo wangu. Wageni wakija kumsalimia humuuliza, binti yako wa Marekani yukoje siku hizi? Mdogo wangu huniwekea simu nisikie. Mama huwaeleza taratibu, bila kukosea mahali. Ana kikovu kidogo juu ya nyusi ya kushoto. Ana mvi mbili, zote upande wa kulia. Hapa katikati ya paji amejichimbia mstari kwa kununa. Macho ni ya baba yake, yana kope ndefu, na pua, poleni, ni yangu. Anasema ni mzuri. Mimi humpigia kelele kutoka huku kwamba mama, nimenenepa, mvi zimejaa kichwa kizima, nimekuwa bibi mzima. Hujibu, "Usinidanganye, nimekuona." Na asubuhi ile, jamani, nilikuwa sijachana hata nywele.